Kinanda Kilichosikiwa na Wawili

Mtu wa kwanza niliyemwonea wivu Riyadh alikuwa amekufa kabla baba yangu hajazaliwa. Alikuwa Mmarekani mweusi, mpiga piano na mtunzi, mmoja wa wale walioanzisha jazi wakati watu hawajakubaliana hata waiite nini. Sikuwahi kuona picha yake. Nilimjua kupitia spika za gari la kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, daktari mstaafu niliyemwita Baba kama walivyomwita wote nyumbani mwake. Kwa miaka yote niliyomwendesha, sikumbuki siku tuliyopanda gari lile bila yule marehemu kupanda nasi.

Baba alisomea udaktari Marekani akiwa kijana, katika mji ulio kando ya mto mkubwa. Alipanga chumba kwa bibi kizee mmoja mweusi, na bibi huyo, alipokuwa msichana, alikuwa amemsikia yule mpiga piano kwa masikio yake mwenyewe. Basi Baba hakurudi na shahada peke yake. Alirudi na kanda, na hadithi za mtu mzima mzima, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Miaka hiyo muziki Riyadh ulikuwa jambo la kufungia vioo. Tulifunga vioo, tukawasha kiyoyozi, Baba akasema "Yalla," yaani twende, nami nikabonyeza.

Kafili wangu hakujua nina ndugu wangapi. Hakujua kama mama yangu yu hai. Lakini alijua kwamba mama wa yule mpiga piano alikuwa dobi, kwamba alifua mashuka ya nyumba ya kuandalia maiti, na kwamba ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na piano ya kuimbia mazishi. Mama akifua, mtoto alikuwa akiigusa ile piano, polepole, kwa heshima ya waliolala chumba cha pili. "Ndiyo maana mkono wake wa kulia ni mpole," Baba aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Sikiliza. Anaogopa kuwaamsha."

Nilisikiliza. Nilisikia mkono wa kulia ukienda kwa upole, na ule wa kushoto ukiruka kutoka chini hadi katikati, chini hadi katikati, kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga mawe. Roho ikaniuma. Mimi nami nilikuwa mweusi. Mama yangu naye alifua nguo za watu. Na mikono ninayo.

Maana mimi ni mpiga kinanda. Nilijifunza kanisani, kwa solfa, chini ya mwalimu wa kwaya aliyetuchapa vidole kwa kijiti kilekile alichoongozea wimbo. Nikipiga wimbo, umepigwa. Huwezi kuupata mahali umepinda. Nilikwenda Saudia wakati ule kila mtaa kwetu ulikuwa na ajenti, na kila ajenti alikuwa na picha ya nyumba ya mtu aliyerudi. Ajenti wangu aliniuliza kama naweza kuendesha gari kubwa. Hakuniuliza kitu kingine chochote.

Siku moja Baba alinitazama kupitia kioo akaniuliza, "Wewe unajua muziki?"

"Kidogo, Baba."

"Kidogo," akasema, akageukia dirisha.

Singeweza kumwambia zaidi. Angeniuliza napigia wapi.

Nilikuwa nikipigia Batha, mtaa wa maduka hapohapo Riyadh, Ijumaa asubuhi, juu ya duka la mablanketi na masanduku ya safari, katika chumba alichopanga fundi umeme mmoja Mkenya ambaye ndiye alikuwa mchungaji wetu. Wiki nzima alikuwa juu ya ngazi akivuta nyaya. Ijumaa alishuka akatuhubiria. Hatukuwa na ruhusa ya kukusanyika, na kila mtu alilijua hilo. Viatu havikuachwa mlangoni, kwa kuwa rundo la viatu lina mdomo. Kila mtu aliingia na vyake ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka chini ya kiti. Tuliimba kwa pumzi. Wanaume wa kubeba mizigo, wenye vifua vya kupasua dari, waliimba kama watu wanaobembeleza mtoto alale. Kiyoyozi kibovu kilinguruma dirishani kikatufunika, na mchungaji, pamoja na ufundi wake wote, alikataa katakata kukitengeneza.

Kinanda nacho hakikuruhusiwa kutoa sauti. Tulikichangia, cha mtumba, hapohapo Batha, na spika zake zilizimwa tangu siku ya kwanza. Kilikuwa na tundu moja la hedifoni, tukachomeka waya wa kuligawa mara mbili. Hedifoni moja ilivaliwa na mpigaji. Ya pili ilivaliwa na mwimbishaji, ili aupate ufunguo na mwendo, kisha awaanzishie wengine kwa mdomo na kwa mkono. Chumba kizima cha watu, na waliosikia kinanda walikuwa wawili tu. Wengine waliona vidole vikitembea, wakaamini.

Mpigaji nilikuwa mimi. Mwimbishaji alikuwa yeye.

Alifanya kazi za ndani kwa binti ya Baba, ambaye nyumba yake ilipakana na ya Baba kwa ukuta mmoja. Madam huyo alimruhusu Ijumaa asubuhi kwenda Batha kununua vitu vyake, kwa sharti aende na kurudi kwa gari langu, nayo ni ruhusa ambayo akina dada wengi niliowajua kule hawakuipata hata kwa machozi. Alikuwa mtu wa Nakuru, mwembamba, mwepesi wa kucheka alipokuwa mbali na kazi, na masikio yake yalikuwa makali kuliko yangu. Alikaa kiti cha nyuma kama desturi ilivyotaka. Aliniita kaka, nami nikadhani ni adabu tu.

Ile saa moja ya Ijumaa ndiyo niliyoishi kwayo. Wenzetu walikuwa chumbani; sisi wawili tulikuwa ndani ya wimbo. Nikipunguza mwendo, alipunguza. Akishuka chini ya noti hata kwa kiasi cha unywele, niliinua kidole kimoja, naye akapanda. Hakuna aliyejua kwamba amekosea isipokuwa mimi. Niliamini kabisa kwamba hayo ndiyo mapenzi, kuwa na mtu mmoja duniani anayejua ulipokosea. Kandarasi yake ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikwisha kuamua kwamba kabla hajaanza kufunga mizigo nitamwambia nataka kumwoa. Maneno nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nikiyafanyia mazoezi garini peke yangu, nikimsubiri Baba nje ya msikiti.

Kisha kifua cha Baba kikaanza kusumbua, na madaktari wenzake wakamshauri akakae Jeddah kwa muda, kwa dada yake, apate hewa ya bahari. Baba akienda, dereva huenda. Mchungaji akaniuliza ni nani atakayekaa kwenye kinanda mpaka nirudi.

Alikuwapo jamaa mmoja wa Nairobi, mfagiaji wa hospitali, aliyepiga vizuri. Vizuri sana, kusema kweli, na ndiyo maana sikumtaja. Nikamtaja soja.

Soja alikuwa Mkenya mwenzetu, mlinzi wa godauni la mazulia huko mtaa wa Dirah, mrefu, mwenye pengo na mdomo usiokaa kimya. Nilimfundisha kinanda mwenyewe kwa majuma machache, akaniita Mwalimu, kisha somo likatushinda wote wawili. Alijua kodi tatu, yaani mafungu matatu ya noti za kubonyeza pamoja, na hizo tatu hakuzijua kwa mfululizo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: chumba hakitasikia kitu, kwa hiyo ibada haitaharibika, lakini mwimbishaji wangu atasikia. Atasikia kila Ijumaa, sikio hili mpaka lile, na atanikumbuka. Hata leo naipitia hesabu hiyo na sioni nilipokosea kujumlisha.

Tukaondoka Riyadh alfajiri. Ni safari ya siku nzima, jangwa na vituo vya mafuta, na Baba alikuwa katika hali ya kusimulia. Yule mtoto wa dobi, alisema, alianza kulipwa akiwa hajaota ndevu, akapanda treni kwenda kaskazini na suti moja. Alikuwa haanzi kupiga mpaka avue glavu nyeupe, kidole baada ya kidole, na watu wote wanyamaze. Alitunga nyimbo ambazo wenzake walizipiga mpaka zikachakaa. Akawa na bendi yake, na jina lake likaandikwa juu ya mlango kwa taa. Alipokuwa na wivu na mpiga piano mwingine, Baba alisema, alimwalika apige mbele ya watu, kisha akakaa baada yake na kuupiga wimbo uleule, vizuri zaidi, akimtazama usoni.

"Alifanya vema," nilisema.

Baba akacheka. "Wewe ungefanya hivyo?"

"Naam, Baba."

Baada ya Taif tulishuka mlima, na mbele kukaja kibao cha kutenganisha magari. Njia fupi hupita Maka, wasikoruhusiwa wasio Waislamu, lakini dereva wa Baba alikuwa Mkristo, kwa hiyo tukachukua ile ya kuzunguka. Baba hakulalamika hata mara moja kwa miaka yote ile, wala mimi sikuwahi kuomba radhi. Tulizunguka tu na marehemu wetu.

Jeddah ilikuwa joto la kunata. Baba alipokuwa hanihitaji nilikwenda mtaa wa Hindawiyah kwa binamu yangu, aliyeishi na wenzake chumba kimoja kilichojaa vitanda, na huko nilikaa na simu mkononi nikisubiri malalamiko. Nilitaka neno moja tu kutoka kwa mwimbishaji wangu. "Rudi," au "Kaka, huyu mtu umetuletea wapi?" Ijumaa ya kwanza ikapita kimya. Ijumaa ya pili alituma ujumbe: "Kaka, ibada iko sawa. Usijali." Usijali! Nililisoma neno hilo mpaka binamu yangu akaniuliza nani amefariki. Soja naye alituma sauti yake akicheka: "Mwalimu, kazi inaendelea. Chapa kazi na wewe huko, hapa mafi mushkila, hakuna shida."

Nikajituliza. Nikajiambia yule dada ni mstaarabu, anavumilia, hataki kunitia wasiwasi nikiwa safarini. Nikaenda dukani nikamnunulia hedifoni mpya, nzuri, zenye sponji laini, kwa sababu zile za Batha zilikuwa zikimfinya na alikuwa akitoka ibadani akisugua masikio. Nilizifunga kwenye karatasi ya zawadi. Nilipanga kwamba nikimpa hizo, ndipo nimpe na maneno.

Wakati wa kurudi Baba alimalizia maisha ya mtu wake. Yule bwana, alisema, hakuvumilia kosa. Mwimbaji akipotea, alisimamisha bendi katikati ya watu na kumwanzisha upya. Mmoja baada ya mwingine wakamwacha. Mwimbaji wake wa kike, ambaye watu walisema alitungiwa nyimbo nzuri kuliko zote, alikwenda kuimbia bendi dhaifu ya mtaa wa pili na hakurudi. Fasheni ya muziki ikabadilika, taa za mlangoni zikazimwa, naye akaishia kurekebisha piano za nyumba za matajiri, anaingia kwa mlango wa nyuma na kisanduku cha bisibisi. Siku ya mazishi yake wanamuziki waliobaki mjini walipiga wimbo wake maarufu. "Bibi yangu mwenye nyumba alikuwepo," Baba alisema. "Sehemu ya katikati waliikosea wote. Na hakuna mtu aliyewasimamisha."

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nisimame pembeni nimpe maji. Mimi sikucheka. Niliona wanamuziki wale walikuwa watu wa ovyo.

Ijumaa iliyofuata nilimchukua dada wa watu kama kawaida. Nilimpa zawadi yake kabla hatujatoka hata mtaani. Aliifungua, akafurahi, akasema, "Woi, kaka! Hizi ni za ukweli," akazivaa palepale kiti cha nyuma zikiwa hazijachomekwa popote. Nilikuwa nimeanza kufungua kinywa nitoe yale mengine aliposema, "Leo nitamsikia vizuri."

Nikafunga kinywa.

Tulipofika Batha, soja alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti changu. Aliinuka, ndiyo, ana adabu zake, akasema, "Mwalimu, karibu kiti." Lakini mchungaji akaingilia kati. Ndugu huyu amejiandaa, alisema, na mimi nimechoka na safari, basi leo nikae nibarikiwe kama wengine. Nikakaa na mfuko wangu wa viatu miongoni mwa wasiosikia.

Nilichokiona ndicho kilichonivunja. Mkono wa kushoto wa soja ulikuwa unaruka. Ulitoka chini ukaruka hadi katikati, chini hadi katikati, na mabega yakaufuata. Niliutambua mruko ule. Nilikuwa nimemwekea soja muziki wote wa Baba kwenye flashi, kwa sababu alilalamika kwamba lindoni anasinzia, na wakati mimi niko Jeddah nikisubiri ujumbe, alikuwa amekaa mlangoni pa godauni akimsikiliza yule marehemu usiku baada ya usiku mpaka ameuchukua mkono wake. Miaka yote niliyomsikia mimi, sikuwahi hata siku moja kufikiria kuupiga hivyo wimbo wa kanisani. Niliona ni muziki wa baa. Soja, mwenye kodi tatu, alikuwa ameufikiria. Shukrani ya punda ni mateke.

Na yule dada alikuwa anacheka. Alikuwa ameubana mdomo, hedifoni zangu zenye sponji zimemkumbatia kichwa, na mabega yanamtetemeka huku mkono wake ukiongoza watu. Sijawahi kumwona hivyo katika Ijumaa zangu zote. Pamoja nami alikuwa akisimama wima, macho kwenye vidole vyangu, kama mtu aliye mbele ya afisa wa ikama, kile kibali cha kuishi. Baada ya ibada watu walimpongeza soja. "Leo kinanda kimelia!" mmoja alisema, mtu ambaye hajawahi kukisikia kinanda kile tangu kinunuliwe.

Ikawa hivyo kila Ijumaa. Mchungaji alisema tupokezane, lakini zamu yangu ilipofika niliwaona wakiangalia saa, nikamwambia soja aendelee. Kiburi, ndiyo, lakini nani angevumilia kuazimwa kiti chake mwenyewe? Soja akaanza kuomba lifti mpaka Dirah, akakaa mbele kando yangu, na mazungumzo yao yakapita juu ya bega langu.

"Ile ya pili leo ulinimaliza," yeye alisema kutoka nyuma.

"Ile nilikuwa najaribu kitu."

"Kitu gani sasa? Ulienda Mombasa kupitia Kisumu!"

Wakacheka wote. Niliwauliza ni nini. "Ni ya kinanda tu, Mwalimu," soja alisema, "ungesikia ungejionea." Kikulacho ki nguoni mwako, hiki changu nilikuwa nakipa lifti.

Wivu wangu uligawanyika mara mbili kama ule waya. Nusu nilimwonea soja, nusu nilimwonea marehemu, kwa sababu nilihisi amenihama. Mimi ndiye niliyembeba jangwani kwenda na kurudi, mimi ndiye niliyeyajua maisha yake tangu mashuka ya maiti hadi kisanduku cha bisibisi, halafu mikono yake anakwenda kumpa mlinda mazulia. Ikafika nikawa sitaki kumsikia. Siku moja nilimwuliza Baba kama leo tuweke taarifa ya habari. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa tuweke mbuzi kiti cha nyuma.

"Unaendesha kwa hasira siku hizi," alisema.

"Foleni tu, Baba."

Akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe.

Hatimaye ikaja Ijumaa moja baada ya siku za vumbi, mji mzima unakohoa, na yule dada akaingia garini hana sauti. Ilikuwa imekatika kabisa, alinong'ona tu. Tulipofika, alimwendea mchungaji akamweleza kwa ishara, kisha akaja mpaka nilipokaa akanivisha hedifoni kwa mikono yake mwenyewe. "Waimbishe wewe," alininong'oneza. "Wewe ndiye unajua."

Nilisimama mbele ya watu. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo na nilikuwa naiogopa, maana nilijua nitakachosikia kitanimaliza. Nilijiandaa kusikia mkono mpole wa kulia. Soja akainamisha kichwa, akaanza.

Ilikuwa takataka. Sina neno jingine. Mkono wa kushoto uliruka kweli, kwa mbwembwe zote, ukatua popote ulipopata nafasi. Mkono wa kulia ulianza wimbo wetu, ukaupoteza, ukaokota kipande cha mwingine, ukakirudisha. Kodi zilikuwa zilezile tatu nilizomwachia, sasa zinakimbizana. Niliwainulia watu mkono, nikawaanzishia kwa ufunguo wangu mwenyewe wa kichwani, maana kwenye hedifoni hapakuwa na ufunguo wowote. Na katikati ya ubeti wa kwanza soja alipiga kosa moja kubwa, kosa la kumfanya mwalimu wangu wa kwaya afufuke. Hapo akageuka kwa mazoea kumtazama aliyevaa hedifoni, nyusi zimepanda, macho yamemtoka, kama mtu anayeuliza ni nani huyo aliyepiga hivyo.

Akakutana na mimi. Nyusi zikashuka. Akageukia kinanda chake upesi na kuendelea kuharibu kwa adabu.

Nikamtafuta yeye kwa macho. Alikuwa amekaa mahali pangu, kwenye kiti cha wasiosikia, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mgongo wa soja, na ingawa hakusikia noti hata moja, alikuwa anacheka.

Siku hiyo soja aliitwa kazini mapema, kwa hiyo tulirudi wawili. Barabara ilikuwa tupu, watu wako kwenye swala. Nilivumilia mpaka taa ya kwanza nyekundu.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Kujua nini, kaka?"

"Kwamba hajui kupiga. Hajui kabisa."

"Tangu Ijumaa ya kwanza." Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu. "Kaka, yule ni mbaya. Ni mbaya mpaka nikamhurumia Mungu."

"Na hukuniambia. Niko Jeddah, unaniandikia usijali."

"Ningekuambia nini? Wiki nzima mimi ni yalla, yalla. Hapa hujafuta, kikombe hiki si mahali pake. Nikikosa kidogo tu, madam ameona. Halafu Ijumaa nakuja Batha, na wewe nawe..." Akakohoa, hakuimaliza. "Kwake yeye ndiye anakosea. Mimi nacheka tu."

Taa ikawa kijani. Yale maneno yangu niliyoyafanyia mazoezi nje ya misikiti yote ya Riyadh yalikuwa bado yamepangika vizuri kichwani, kila moja mahali pake, hakuna lililopinda. Ningekuwa nimeshindwa na fundi wa kinanda ningejua la kufanya, ningekwenda kufanya mazoezi. Wivu huu haukuwa na mazoezi.

"Kwa hiyo mnapendana," nikasema.

"Tunafunga ndoa Desemba. Mimi nitakuwa nimemaliza kandarasi, na yeye amepewa likizo. Kwetu Nakuru." Akasogea mbele, nikamwona kwenye kioo ameshika kiti changu kwa mikono miwili. "Kuna kitu tulikuwa tunataka kukuomba, sote wawili, tukaona haya. Likizo yako si ni mwezi huohuo? Kanisa letu lina kinanda kizuri na spika kubwa, watasikia mpaka walioko nje. Yeye mwenyewe ndiye amesema. Amesema siku hiyo hataki mchezo, hakuna mtu mwingine wa kutupigia ila wewe."

Nilipita ukuta wa nyumba ya Baba, nikasimama mbele ya geti la madam, nikazima gari. Nilikuwa na kila sababu ya kusema hapana. Nikamwuliza wanataka kuingia na wimbo gani.